Chagua Unapotaka Kukaa

Nyumba ya Cynthia pale Garsen iko mbali na mto, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Pasaka. Kwa hiyo asubuhi aliposikia harufu ya matope mabichi chumbani, alilaumu ndoo ya kupigia deki, akaimwaga nje. Harufu ikabaki palepale. Akafungua dirisha, akajitupa kitandani na simu yake, maana alikuwa na shughuli tamu zaidi ya kunusanusa.

Mumewe, Dzombo, alikuwa Japani, katika mji wa Osaka, akimalizia mafunzo ya kilimo cha mpunga. Hawakuwa wameonana kwa miezi. Tiketi ya Cynthia ilikuwa imeshakatwa, ya Ijumaa. Wangepumzika huko siku chache, wazurure mjini wameshikana mikono, kisha warudi nyumbani pamoja. Kilichobaki ni kuchagua mahali pa kulala tu, na hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

"Hii hoteli ya karibu na stesheni je?" aliuliza, simu ikiwa kwenye spika.

"Pana kelele," sauti ya kiume ikajibu.

"Haya, hii ya vyumba vidogo kama droo. Unaingia kwa kutambaa, unajifungia."

"Panabana."

"Basi nyumba hii ya kizamani, wanalala chini mikekani. Mimi nimeipenda sana."

"Hapana maji karibu."

Cynthia akasonya. Dzombo hakuwa mtu wa kuchaguachagua. Akipewa ugali na chumvi anakula na kushukuru. Huko Japani wamemdekeza, akawaza. "Ala! Kama kila ninapopataja unapatia kasoro, chagua wewe mwenyewe unapotaka kukaa!"

Simu ikakwaruza. Kisha Dzombo akasema, "Mke wangu, mbona wanigombeza? Netiweki ilikatika uliposema stesheni. Ndiyo kwanza nakusikia."

Cynthia akageuka. Chumbani hapakuwa na mtu. Ndipo kitu kizito na cha baridi kikamkalia mabegani, taratibu, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukinunua. Simu ikamponyoka, ikazima.

Alikimbilia mlango. Ulikuwa wazi, jua la saa sita likiwaka uani na nguo zake zikipepea kambani, lakini mguu ulipofika kizingitini ulikataa. Akauvuta kwa mikono miwili. Ukakataa.

"Cynthia!" Jirani yake Madina, mama wa Kiorma, alikuwa amesimama dirishani, ushungi mdomoni. "Wewe naongea na mwanamume gani huko ndani?"

"Niko peke yangu, dada."

"Peke yako? Wallahi mimi nasikia yeye naimba." Akashusha sauti. "Na mdomo ni yako."

Cynthia akaufunika mdomo kwa viganja, akaihisi midomo ikicheza chini ya vidole vyake bila ruhusa yake, ikiimba wimbo wa wapiga makasia asioujua, na kadiri alivyoibana ndivyo wimbo ulivyoshuka kooni, kifuani, tumboni, ukienda huku na huku ndani yake kwa raha zote, kama mpangaji mpya anayekagua vyumba, na yeye mwenye nyumba amesukumwa kwenye kona, hana hata pa kulilia.

Madina alimleta Nyale, mganga wa kutoka Kulesa, mwanamke mwenye maneno makali na mkono mwepesi. Nyale alifukiza ubani mpaka ukuta ukapotea machoni.

"Wewe uliye ndani ya mwanangu, u nani?"

"Wa mtoni," mdomo wa Cynthia ukajibu kwa sauti ya kiume.

"Basi rudi mtoni. Nitakupa kuku mwekundu."

"Mto umehama njia yake. Kwangu pamekauka. Na mimi sikuvunja mlango, mama. Niliambiwa nichague pa kukaa. Nimechagua."

Nyale akaacha kupepea. "Mwanangu, ulimwambia nini?"

Ulimi ukalegezwa kidogo, kwa dharau, Cynthia akayarudia maneno yake huku machozi yakimtiririka. Nyale akakiweka chetezo chini.

"Hayo ni maneno yangu mimi," alinong'ona. "Huyasema mwisho kabisa, jini akishatoka, nikishamwonyesha mti wa kuhamia. Wewe umeyasema hakuna mti mbele yake. Uko wewe."

"Sasa atatoka aje?" Madina aliuliza.

"Mpaka mtu mwingine amwite akae kwake. Na nani mwenye akili zake atafanya hivyo?"

Simu iliyokuwa sakafuni ikawaka, ikalia. Madina aliona ni Dzombo, akadhani sauti ya mume itamtuliza mgonjwa. Akaipokea, akaiweka kwenye spika, akamsogezea Cynthia sikioni.

"Mke wangu, usihangaike tena!" Dzombo alikuwa na furaha tele. "Nimepata chumba ukingoni mwa mto kabisa. Niko ndani sasa hivi, najaribu kitanda. Usininunie, mpenzi. Njoo ukae na mimi."

"Zima!" Nyale akapiga kelele.

Mzigo ukainuka. Cynthia aliusikia ukimtoka bega moja, kisha la pili, pumzi ikaingia mpaka chini ya mbavu, miguu ikawa yake, akatoka mbio hadi uani akapiga magoti juani. Alicheka. Alicheka kwa furaha tupu, mpaka alipoona Nyale hacheki.

Akarudi mbio, akampokonya Madina simu. "Dzombo! Toka humo chumbani!"

"Nitoke niende wapi usiku huu? Ngoja kidogo, kuna mtu mlangoni."

"Usifungue!"

"Ajabu, wallahi. Anapiga hodi. Kwa Kiswahili kabisa, cha huko kwetu."

"Usiitike! Dzombo, nakuomba, baba, usiitike!"

Lakini Dzombo alilelewa na mama yake pale Idsowe, na tangu utotoni hajawahi kusikia hodi akanyamaza.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."