Mtu wa Mwisho Ukutani

Jua lilikuwa linazama Mama Ufunguo alipopanda kwenda kufunga geti la pango. Jina hilo alipewa kwa kuwa alililinda pango miaka kumi na tisa, na kabla yake alililinda mama yake. Kazi yenyewe si kubwa: kuhesabu wageni, kuwatoa, kupiga kufuli, kurudi nyumbani kupika.

Lakini jioni ile hesabu haikutimia. Mgeni mmoja hakuwa ametoka.

Krrr... krrr... krrr...

Msumeno unakula jiwe!

Akaingia mbio. Chini ya taa ya betri, mgeni yule, Mtaalamu aliyekuwa akija wiki nzima, alikuwa amepiga magoti ukutani, penye ile safu ya watu kumi na mmoja wekundu waliochorwa na watu wa kale, wembamba kama njiti, wasio na nyuso. Wa mwisho alikuwa ameshakatwa na jiwe lake na kulazwa ndani ya boksi.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Taratibu, mama. Nina kibali."

"Cha kutazama! Nani kakupa cha kukata?"

"Miaka ishirini nasoma mambo haya. Watu wa kale walichora ili wapate mawindo, au kwa ibada. Tukiipima rangi hii tutajua."

Damu ikamchemka. "Mawindo? Hao ni swala? Mama yangu alinieleza: ni wafu wao, wale waliokataa kwenda. Mfu anayezurura hafukuziki, baba. Anapewa pa kukaa. Sasa huyu umemng'oa kwake, akakae wapi? Kwako?"

Mtaalamu akacheka.

Ndipo harufu ilipokuja. Mafuta ya mnyama. Udongo mbichi. Taa ikafifia, na nyuma yao, mahali pasipokuwa na mtu, kitu kikavuta pumzi. Ndefu... kama ya mtu aliyeamshwa.

"Umesikia?" Mtaalamu akanong'ona.

"Rudisha jiwe."

"Ni upepo tu."

"Rudisha!"

Mtaalamu akambeba mtu wake wa ukutani ndani ya boksi, akampiga mama wa watu kikumbo, akatoka. Mama Ufunguo akamfuata mteremko mzima akimporomoshea maneno ya kila rangi. Ghafla akanyamaza.

Alisikia hatua. Zake. Za Mtaalamu.

Na za mwingine.

Gari likaondoka kwa kasi.

Usiku Mama Ufunguo alikuwa anaosha vyombo simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa dereva wa Mtaalamu, aliyechukua namba yake asubuhi.

"Samahani, dada. Huyu mwenzenu wa kiti cha nyuma anashukia wapi? Nikimuuliza hajibu."

"Mwenzetu yupi?"

Ikaja sauti ya Mtaalamu, ndogo, imekauka.

"Mama... jiwe halina kitu. Rangi imeondoka. Nifanye nini?"

"Sikio la kufa halisikii dawa! Geuzeni gari! Mrudisheni..."

Simu ikakatika.

Asubuhi gari lilikutwa kando ya barabara, milango wazi. Dereva alikuwa amejikunyata chini ya usukani. Neno lake lilikuwa moja tu: "Wameshuka. Wameshuka." Mtaalamu alitafutwa kutwa nzima, hakuonekana.

Mkubwa wa ofisi ya mambo ya kale, yule yule aliyetia sahihi kibali, akaja na shati lake lililopigwa pasi.

"Kwa nini hukumzuia?"

Mama Ufunguo alimtazama. Mara tatu wiki ile alikuwa amekwenda kumwambia kwamba mgeni huyu ana vifaa vya kukatia. Mara tatu aliambiwa mlinzi hana elimu ya kumpangia msomi.

"Toka mbele yangu," alisema, "kabla sijasahau kwamba una mama kwenu."

Mkubwa akatoka.

Jioni Mama Ufunguo alitwanga udongo mwekundu, akauchanganya na mafuta, akapanda peke yake. Alilia njiani, machozi ya hasira tupu. Wasomi wanavunja, na wa kuokota vipande ni yeye! Mbele ya lile kovu jeupe ukutani akachovya kidole. Akachora kichwa. Mwili. Miguu.

"Haya," akasema. "Njoo ukae."

Akasubiri.

Hatua zikasikika mlangoni mwa pango. Za miguu mitupu, polepole, kama za mtu anayejua njia.

Na nyuma yake, zikijiburura, hatua za viatu.

Mama Ufunguo hakugeuka. Aliuma meno, akachovya kidole tena, akatafuta nafasi ya mtu wa kumi na mbili.