Mjane wa Ghorofani Angevaa Saa Gani

— Mvueni hiyo saa! Mvueni, jamani, mnamwaibisha mama wa watu!

Huyo ni mume wangu, anaifokea televisheni. Amekaa ukingoni mwa kochi, miwani imemshuka puani, kidole amemnyooshea mama mkwe wa kwenye tamthilia, yule mwenye kiwanda cha sabuni na mdomo usio na breki. Mama mkwe alikuwa amevalishwa saa kubwa ya plastiki, nyeupe pee.

— Ina kosa gani? nikamuuliza.

— Saa ya betri, Sista! Mwanamke mwenye roho mbaya kiasi kile anavaaje saa ya betri? Yule ni wa kisaa kidogo cha dhahabu, cha zamani, cha kutia ufunguo. Uso wake mdogo kama punje ya dengu.

— Dengu? Sasa ataonaje ni saa ngapi?

— Aone ili iweje? Yeye ndiye anayesubiriwa.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Naye akatabasamu kidogo, akarudisha macho kwenye kioo. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Ukiona mke na mume wanacheka kochini unadhani nyumba ina raha, kumbe hujui lolote.

Mume wangu ni fundi saa, au tuseme alikuwa. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyohivyo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na yeye ananiita Sista kama wagonjwa wangu. Watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu zao, duka lake likadoda. Akalifunga, akabeba meza yake ya kazi, akaiweka dirishani kwenye chumba cha binti yetu aliyeolewa. Tangu hapo akawa kimya. Si kimya cha kununa. Cha kununa nakijua, kina mlango wa kubamizwa. Hiki kilikuwa kimya chenye adabu zake. Umeamkaje. Salama. Chai ipo. Ahsante. Halafu basi mpaka jioni.

Kutwa nzima naongea na wazazi na vichanga vyao, nikifika nyumbani naongea na masufuria.

Kilichobaki ni mchezo wetu. Tamthilia ikianza, yeye anamvalisha kila mtu saa inayomfaa, na lazima iwe ya zamani, mimi nabisha. Nikiwa zamu ya jioni ananitumia ujumbe:

"Mama mkwe kapigwa kofi leo. Saa imeruka, kioo kimepasuka. Nimefurahi mno."

Namjibu nimejificha stoo ya mashuka: "Na wakili je?"

"Wakili bado hana kesi. Nimempa saa ya chuma yenye tarehe. Tarehe imekwama, hajagundua."

Nazisoma mara mbilimbili, nacheka peke yangu katikati ya mashuka, halafu moyo unanidondoka. Hakukuwa na ujumbe hata mmoja ulionihusu mimi. Watu wa kwenye kioo aliwajua mpaka mifupa. Mimi ninayelala ubavuni mwake, wala.

Nikaomba uhamisho. Hospitali ndogo, mbali kabisa. Aliyejua ni wifi yangu tu, dada yake Fundi, maana yule alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi. Kila siku simu.

— Wifi, umemwambia?

— Bado.

— Unangoja nini?

— Tamthilia iishe.

— We mwanamke, una wazimu?

— Ikiisha hatutakuwa na la kusema tena. Bora niondoke kuliko kukaa tukitazamana kama vyombo kabatini.

— Kaka yangu anakupenda, wifi.

— Amemwambia nani? Yule mama wa sabuni?

Wifi akaguna, akakata simu.

Siku ya mwisho ya tamthilia ikafika. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Nikachemsha chai, nikaketi upande wangu wa kochi, yeye upande wake, katikati pangetosha kukaa mgeni. Watu wote walishavalishwa isipokuwa mmoja: mjane wa ghorofani, yule mama mpole anayepita kwenye ngazi na mfuko wake wa sokoni, huku wenzake wanarushiana matusi. Tulishabishana juu yake mpaka tukachoka.

— Leo ndiyo leo, Fundi. Mvalishe mjane wako.

— Wewe unasemaje?

— Saa ya marehemu mumewe. Kubwa, ya kiume. Mkanda wa ngozi ameutoboa tundu la ziada ili umkae mkononi.

Akatikisa kichwa polepole.

— Yule havai saa.

— Acha hizo. Hata mlinzi wa geti umempa.

— Mlinzi anangoja zamu iishe. Saa ni ya mtu anayengoja kitu, Sista, au ya mtu anayengojwa. Yule mama akichelewa kurudi, nani atajua?

Alisema hayo macho yako kwenye televisheni, hakunitazama kabisa. Lakini yalinipata. Nikainuka nikasema naenda kuongeza chai, na birika lilikuwa limejaa mbele yetu. Jikoni nikafungua bomba mpaka mwisho ili asisikie ninavyovuta kamasi. Nililia kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo, mama wa kuigiza! Ndivyo nilivyojiambia.

Niliporudi nilimkuta amekaa vilevile. Tamthilia ikaisha: mama mkwe kafilisika, wakili kapata kesi na kaishinda, mjane kauza nyumba yake na kushuka ngazi na sanduku moja, hakuna aliyetoka kumsindikiza. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Fundi akachukua rimoti, akazima. Hajawahi kuzima yeye.

Kimya kilichokuja hapo nilikuwa nakiogopa kwa muda mrefu.

— Simu yako ililia ulipokuwa jikoni, akasema. Nikapokea. Nisamehe.

— Nani huyo?

— Matroni wa huko unakohamia. Anasema chumba kipo tayari. Anashukuru sana kwamba umeomba mwenyewe kwenda, maana kule watu hawapendi. Aliniuliza kama mimi ni kaka yako.

Nikakitua kikombe mezani.

— Ukamjibu nini?

— Nikasema nitakupa salamu.

— Fundi, ningekuambia.

— Najua.

— Leo. Nilisema ikiisha nitakuambia.

— Imekwisha.

Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati, taratibu, kama hana haraka na lolote duniani. Laiti angepiga kelele! Laiti angerusha hata kikombe!

— Huniulizi kwa nini? Mkeo anakuhama, mwanaume wewe, hata kuuliza huulizi?

— Nilikuwa nangoja uniletee.

— Nikuletee nini?

— Saa ya mtu siifungui kabla hajaniwekea mezani. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Unaweza kukutana na mtu njiani ukaona saa yake inachelewa, unanyamaza, pengine anaipenda hivyohivyo. Akitaka ataileta. Nilikuona, Sista. Ukitoka kazini unaizunguka nyumba mara kadhaa ndipo uingie. Pale dirishani naona kila kitu. Nikasema kuna jambo, ataliweka mezani mwenyewe.

— Mimi si saa!

— Na wewe? Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. Tangu nifunge duka, wewe uliniuliza nini?

Nilipolitafuta jibu nikalikuta wodini.

— Wodini mtu akitulia humgusi, nikasema. Tunamkimbilia anayelia. Aliyetulia tunasema amepumzika, mwacheni. Wewe ulitulia. Hukulia.

— Nililia.

— Lini? Wapi?

— Kwenye meza ya kazi. Ukiwa zamu.

Mungu wangu. Nikamwona pale dirishani, mtu mzima na vikoleo vyake, mbele ya meza isiyo na saa ya mtu. Mimi nikiwa stoo ya mashuka nasoma vichekesho vyake. Kumbe kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa, na tulikuwa tunauana.

— Kwa hiyo unaenda, akasema.

— Wameshakubali. Siwezi kurudi nyuma, na kusema kweli sitaki.

— Sikuambii usiende.

— Hiyo ndiyo tabu yako! Huniambii niende, huniambii nisiende! Niambie kitu, Fundi! Kitu chochote kisicho na mishale na ufunguo!

Aliweka miwani chini, macho yake bila miwani yalikuwa madogo na mekundu.

— Sitaki kubaki humu, akasema.

— Humu kuna nini? Duka hakuna, mtoto hayupo. Nani kakufunga kamba?

— Wewe. Nakaa humu kwa sababu ndimo unamorudi.

Basi nikaangua kilio, na si kile cha kwenye tamthilia cha chozi moja shavuni. Kilio cha kamasi na kwikwi. Naye hakukaa upande wake tena. Alisogea, ile nafasi ya mgeni ikaisha, akanishika mkono akaung'ang'ania.

— Niombe, nikamwambia. Mimi sijui kukisia. Nataka nikusikie unaniomba.

Akanigeukia, akanitazama usoni.

— Nichukue, akasema. Nakuomba mke wangu, nichukue twende wote. Nitakaa hata mlangoni.

Nikaivuta simu, nikaipiga palepale, nikaweka sauti ya nje ili asikie mwenyewe.

— Matroni, samahani kukusumbua. Yule aliyepokea si kaka yangu. Ni mume wangu.

— Mume? Dada, si ulisema unakuja peke yako?

— Nilisema. Sasa tunakuja wawili.

— Ala! Lakini chumba chenyewe kidogo, mwenzangu. Na kitanda ni cha mtu mmoja, mtu mzima akigeuka tu yuko sakafuni. Mtaweza?

Nilikuwa bado nafuta pua ili nijibu. Fundi akainamia simu, akanitangulia.

— Tutabanana.