Nukta Iliyomfukuza Germain

— Adrienne, nirudishie téléphone yangu.

— Hapana. Kwanza unielezee hii message.

Adrienne alimkazia macho mchumba wake, Gauthier, nyuma ya nyumba ya mama yake pale Likasi. Ndani waombolezaji walikuwa wakiimba. Ilikuwa siku ya tatu tangu wamzike kaka yake, Germain, aliyefukiwa na udongo kwenye shimo la wachimbaji kule Kambove. Adrienne aliazima simu ya Gauthier apigie ndugu wa Kapolowe, na ujumbe wa Laure, anayefanya kazi na Gauthier kwenye kompyuta za kiwanda, ukaingia palepale:

“Siwezi kunyamaza tena. Lundi ya juma lililopita nilikuambia: haukutia antislash mbele ya ile point. Batu ba bure, bila kosa, balifukuzwa.”

— Point gani, Gauthier?

Gauthier alishusha sauti, waliomo ndani wasisikie.

— Chef aliniomba nitoshe, nifute batu ba équipe B.7, kile kikundi, kwenye liste ya kazi. Nikaandika B, point, ile nukta, 7. Lakini kwa machine, point peke yake ni herufi yoyote. Inafaa kutia antislash mbele, kale kamustari ka kuinama, njo ijue ni point ya kweli. Nilisahau. Ikakamata BA7, BK7, bote.

— Germain alikuwa BK7.

— Ndiyo.

Kumbe ndiyo maana kadi ya Germain ilikataa kwenye geti la kiwanda, akapoteza kazi! Na Gauthier huyuhuyu ndiye aliyemwambia, “Vumilia, bakubwa njo baliamua.”

— Kukosea, kila muntu anakosea, Adrienne alisema. Lakini lundi ulijua. Kisha siku mbili, mercredi, Germain alipita kwako kukuaga, anaenda Kambove. Ulimuambia nini?

Gauthier alinyoosha mkono kuchukua simu; Adrienne akaificha mgongoni.

— Gauthier! Ulimuambia nini?

— Nilimupa torche yangu.

Adrienne alilia kwa uchungu hadi akaishiwa pumzi. Mwanamume aliyempenda alikuwa na neno moja la kumrudisha kaka yake kazini, akampa tochi ya kushukia shimoni! Woga gani huu, jamani?

— Nilikuwa na boga ya kufukuzwa, chérie. Unihurumie.

— Ingia umuambie mama.

— Miye ni mukwe! Nitasimama aje mbele yake?

Kwao, Waluba wa Kasai, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Tangu posa, Gauthier alimsalimia mama huyo akiwa ameinamisha kichwa. Adrienne alifuta machozi, akamfunulia pazia la mlango.

— Ingia tu. Umuangalie mu macho. Hauko tena mukwe wake.