Karatasi Safi ya Adhel

Kila asubuhi Adhel aliteka maji kwenye bomba la mtaa wao, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akampikia baba yake chai, kisha akakimbilia shule. Alikuwa Gredi ya Saba. Kitabu kimoja kilisomwa na wanafunzi watano, na ole wake atakayeandika ndani yake. Wakubwa wa elimu walikuja na magari yao kukagua madoa tu. Vitabu vya kuongezea hawakuja navyo.

Kwa hiyo Mwalimu Jerusha alipogawa makala kuhusu mathenge, mti wa miiba uliotapakaa Turkana, kila mtu karatasi yake, darasa lilishangaa aliposema, "Someni na penseli mkononi. Pigeni mstari chini ya wazo kuu. Mahali msipoelewa au msipoamini, wekeni alama ya kuuliza, mwandike pembeni kwa nini."

"Tuichafue, Mwalimu?" Kuol aliuliza.

"Ichafueni! Ijumaa nitachagua wawili waende mashindanoni Lodwar kueleza makala mbele ya shule nyingine."

Moyo wa Adhel uliruka. Mama yake alifia hospitalini Lodwar na kuzikwa huko huko. Adhel hakuwahi kuliona kaburi. Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na baba yake, Malek, aliomba kibali akaambiwa rudi kesho, rudi kesho, mpaka akachoka. Lakini safari ya shule ingepewa vibali.

Hakutulia tena. Aliikariri makala yote, karatasi ikabaki safi kama ilivyotoka kwa mwalimu. Siku iliyofuata alisimama akaitamka bila kuitazama.

"Vizuri," alisema Mwalimu Jerusha. "Sasa mwandishi anataka tuamini nini?"

Adhel alianza tena kutoka mstari wa kwanza.

"Hiyo ni redio!" Kuol alicheka. "Ukiiuliza swali, inaendelea na habari zake!"

Jioni Malek alikuwa akifunga mkaa wa kuuza. Adhel alizungukazunguka uani akisoma kwa sauti, "'Mathenge umewanufaisha wakazi wa Turkana...'"

"Wakazi gani?" Malek alidakia.

"Baba, niache nimalize."

"Waliulizwa lini? Mbuzi wa jirani yetu Ekai wameoza meno kwa kutafuna maganda ya mti huo. Hao wa ofisini wameandika hayo? Ndio hao hao. Mama yako aliumwa, gari lao la wagonjwa likaja jua limeshazama!"

"Siwezi kuiuliza karatasi, Baba."

"Kwa nini? Ina askari?"

Adhel alitaka kucheka, akashindwa. Alichukua penseli. Aliandika pembeni: Wakazi gani? Chini yake: Na meno ya mbuzi? Kisha akasoma tena, polepole, akitafuta majibu. Aya ya nne ikamsimamisha.

"Baba, swali la mbuzi mwandishi amelijibu. Maganda yakisagwa kwanza, hayaharibu meno."

Malek alinuna. "Basi hapo amesema kweli. Na mashine ya kusagia iko wapi? Andika!"

Akaandika. Jibu la swali la wakazi alilitafuta mpaka mwisho, hakuliona.

Ijumaa mwalimu mkuu, Bwana Omollo, aliingia darasani kusikiliza. Aliichukua karatasi ya Adhel, uso ukabadilika. "Nani amekufundisha uchafu huu?"

Adhel alikamata kifutio. Aliiona Lodwar ikimponyoka.

"Ni mimi, Bwana Omollo," alisema Mwalimu Jerusha. "Tafadhali, msikilize kwanza."

Adhel alieleza kwa maneno yake. Kuol akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwandishi ni mwongo?"

"Hapana. Kuhusu maganda ametoa sababu, nimemwamini. Kuhusu wakazi hakutaja hata mmoja aliyemuuliza. Hapo bado simwamini."

Bwana Omollo alimrudishia Adhel karatasi, akakiweka kifutio kando. Wakachaguliwa Adhel na Kuol.

"Ulikariri kwa sababu uliiogopa," Mwalimu Jerusha alimwambia baadaye. "Aliyeandika ni mtu kama wewe. Msikilize mpaka mwisho, umuulize anajuaje, na jibu lake likiwa zuri ulikubali hata kama hukulipenda. Huko ndiko kusoma."

Lodwar, mashindano yalipokwisha, Mwalimu alimpeleka makaburini, kama Adhel alivyomwomba. Walipita kati ya misalaba mpaka Adhel akaona jina la mama yake: Athieng. Alipiga magoti akaondoa miiba kwa mikono yake. Mwalimu akampigia Malek, akampa Adhel simu.

"Lipo?" Malek aliuliza haraka. "Au wamelijengea choo chao?"

"Lipo, Baba. Nimeweka mkono juu yake."

Adhel alingoja amlaumu mtu. Badala yake sauti ndogo ikasema, "Usiutoe kwanza, mwanangu. Kaa naye kidogo."