Usukani Uliokataa Kwenda Kulia

Usukani ulikuwa na joto. Fundi aliondoa mkono, akautazama, kisha akaugusa tena kwa kiganja. Boti ile nyeupe ya matembezi ilikuwa imekaa juu ya magogo ndani ya karakana yake miezi minne, jua haliifikii, na asubuhi hiyo ni yeye mwenyewe aliyefungua kufuli. Lakini usukani ulikuwa na joto lile la kiti ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi.

Akajiambia ni mabati ya paa. Akaendelea na kazi.

Watu wa gatini walimwita Hakirudi, kwa sababu ndilo neno alilopenda kusema akikabidhi chombo: chukua, hakirudi. Na kweli vyombo vyake havikuwa vinarudi. Boti hii ndiyo ya kwanza, nayo ilirudi imepasuka ubavu, baada ya kugonga miamba ya ng'ambo na kumuua dereva wake. Dereva alikuwa mzee waliyemwita Kapteni, aliyetembeza watu ziwani miaka ishirini na sita. Abiria walipona wote. Waliochunguza ajali waliandika kwamba mzee alishachoka, mikono haikuwa na nguvu ya kukata kona. Mwenye boti akakubali, gati nzima ikakubali. Fundi naye alibeba jeneza, akapokezana bega na wenzake mpaka kaburini, akanyamaza.

Sasa ubavu ulishazibwa na kupakwa rangi, na Ijumaa boti ingerudi majini. Wa kuiendesha alikuwa binti wa Kapteni. Kazi alifundishwa na babake, na tangu ajali ile madereva wenzake walikuwa wakimtania kwamba aonyeshe misuli kwanza, isije ikawa ni ugonjwa wa ukoo.

Kilichobaki ni usukani. Kushoto ulikwenda vizuri. Kulia ulikataa.

Fundi alianza kama anavyoanza siku zote. Alifungua nati, akautenga waya wa usukani na injini, akaisukuma injini kwa mkono, huku na huku. Ilicheza bila shida, kwa hiyo ubovu haukuwa nyuma. Akauzungusha usukani peke yake: laini. Akauvuta na kuusukuma waya, ambao ulikuwa mpya, ameutoa kwenye boksi kwa mkono wake: ukateleza kama umepakwa sabuni. Kila kitu kikiwa peke yake kilikuwa kizima. Akaviunganisha. Usukani ukakataa kulia.

Akarudia mara tatu. Mara ya tatu alikaza mikono na kusikiliza kwa vidole, maana kutu hukwaruza na mchanga husaga, na fundi hahitaji kuambiwa. Hiki hakikuwa kutu wala mchanga. Kilikuwa kinaachia kidogo halafu kinakaza, kinaachia, kinakaza, mfano wa mtu anayepumua akiwa ameshikilia upande wa pili.

Ndipo ikaja harufu ya dawa ya kuchua. Kapteni alikuwa akijipaka mikononi kila asubuhi kabla ya kushika kazi.

Fundi aliteremka ngazi bila kufunga boksi la spana. Nyumbani hakula. Mkewe alimuuliza mara mbili, akajibiwa kwamba ni joto tu. Saa saba akarudi karakana, kwa sababu aliona aibu kuogopa mchana.

Ilikuwa saa ile gati yote imelala. Nje palikuwa peupe kwa jua, na ndani, alipokuwa bado amesimama mlangoni macho yakizoea kivuli, alisikia kitu kikigonga taratibu, tok, halafu kimya, halafu tok, akafuata sauti mpaka kwenye ngazi na kupanda vidato vitatu, na hapo akauona usukani ukizunguka wenyewe, polepole, kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka pale ulipokuwa unakataa, ukagonga, ukarudi, ukagonga tena, kwa uvumilivu wa mtu anayejaribu kumwonyesha mwingine kitu asichotaka kukiona, na harufu ya ile dawa ikazidi mpaka macho yakamchoma, na miguu yake, ambayo alikuwa ameiamuru ishuke, ikabaki palepale kwenye kidato, na nyuma ya sikio lake, karibu kiasi cha kuhisi unyevu wa pumzi, sauti ya mzee ikasema kwa upole:

"Fundi, mbona mzito?"

Yalikuwa maneno yaleyale. Siku ile ya ajali Kapteni aliyasema gatini, mbele ya madereva wote, abiria wakiwa wameshapanda. Na fundi alijua jibu. Wiki moja kabla alikuwa ameagiza waya mpya wa usukani, lakini alikosea kuupima, ukaja mfupi. Yeye, Hakirudi, kupima vibaya kama mwanagenzi! Hakuweza kulisema hilo. Akaupaka grisi waya wa zamani, akaurudisha, akamwambia mwenye boti kwamba ameshabadilisha. Kwa hiyo mzee alipouliza, alimjibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Usukani mpya huo, Kapteni. Mikono yako ndiyo imezeeka." Gati nzima ilicheka. Kapteni akatazama mikono yake, akacheka kidogo naye, akawasha injini.

Fundi hakujua aliteremkaje. Mkewe alimkuta ameketi nje ya ukuta wa nyumba yao, viatu mkononi. Safari hii hakumuuliza kitu. Alikwenda kumwita shangazi yake, ambaye watu humfuata kwa mambo ya aina hiyo.

Shangazi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na alikuja na mkoba wa kawaida wa kwendea sokoni. Alivua viatu, akapanda botini, akaweka viganja vyote viwili juu ya usukani. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikicheza. Alipofumbua macho alizungumza kwa kunong'ona, na fundi akajikuta anajibu vilevile.

"Huyu si marehemu," alisema. "Marehemu amepumzika, mwanangu. Usimsingizie tena."

Lile "tena" lilimwingia fundi kama sindano.

"Ni nani basi?"

"Jini la hukohuko ziwani. Lilimkuta akizama, likachukua sauti yake. Kwa kawaida hucheza nayo siku mbili tatu, likachoka. Hili halichoki, limepata pa kukaa. Kuna neno umelikalia, nalo limeketi hapo pamoja nawe."

"Huwezi kulitoa?"

"Nitalitoa sasa hivi na jioni litarudi, maana mlango umeuacha wazi. Neno hilo kaliseme pale ulipodanganya mwanzo, mbele ya wale waliocheka. Hapo litaiacha boti; likienda wapi, sijui."

Siku mbili fundi hakulala vizuri. Alitafuta namna ya kumwambia mwenye boti peke yake, au kumwandikia binti barua. Kila alipopata maneno mazuri, aliyaona ni yaleyale ya kujificha.

Ijumaa asubuhi boti ilishushwa majini. Madereva walikuwapo. Binti alisimama gatini na boya la kuvaa mkononi, akamwamkia, "Shikamoo baba," na fundi akashindwa kuitikia. Akawageukia madereva, akasema. Hakulipamba. Alisema alipima vibaya, akaona haya, akarudisha waya mbovu, akadanganya, akamfanya mzee wa watu kichekesho mbele yao, na mikono ya Kapteni haikuwa na kosa lolote. Mmoja alikohoa. Wengine walitazama maji, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka alivyocheka.

Binti akauliza jambo moja.

"Alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alivaa boya lake, akapanda, akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Ulikwenda kulia mpaka mwisho, ukarudi. Akawasha injini, akakata kona safi mbele ya gati, akaondoka bila kugeuka nyuma. Madereva nao wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana fundi, na angependa wamtukane.

Akashika njia ya nyumbani. Alipopita karakana alihisi mkono wake wa kulia unakuwa mzito, kwanza kama uliochoka, kisha kama ulioshikwa kwapani na mtu anayetembea naye sambamba, na harufu ya dawa ya kuchua ikamjia. Alipopunguza mwendo, aliyemshika alipunguza. Hakujaribu kuuvuta mkono. Hakuomba msaada. Mama mmoja aliyepishana nao kwenye kona alimpa njia pana kuliko ya mtu mmoja.

Mkewe alikuwa jikoni, vyombo vilisikika vikigongana. Fundi alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, akasogea pembeni, akasubiri kidogo, kama anavyosubiri mwenye nyumba mgeni wake atangulie kuingia.