Elysée Si Mpwa

Kila asubuhi katika kartie ya Ngezi, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, Mama Élise huchuja maziwa kabla ya kuyapeleka sokoni. Ana madumu manne na kitambaa kimoja cheupe. Binti yake Arielle humshikia kitambaa. Ni kazi ndogo, lakini mara nyingi hata hiyo inamshinda, maana akili yake iko mbali.

"Arielle, maziwa inamwangika," mama yake alisema asubuhi moja.

"Inamwangika wapi, mama?"

"Kwa miguu yako."

Arielle alitazama chini. Kweli, viatu vilikuwa vyeupe.

Arielle ana miaka ishirini na tano. Alisomea kazi ya ordinatere, yaani kompyuta, hapahapa Bunia. Mwaka jana alianza kutengeneza tovuti. Tovuti ni mahali kwenye intaneti ambapo watu husoma na kuandika kwa kutumia simu. Yake inaitwa Shina. Ndani ya Shina, kila familia huchora mti wake. Babu na bibi wako juu, watoto wao wako chini yao, na wajukuu chini zaidi.

Mama Élise alipouona mti huo mara ya kwanza, alicheka.

"Muti gani iko na shina juu na matawi chini?" aliuliza. "Weye umeupanda kichwa chini."

Wazo la Shina lilianzia kwenye kilio. Shangazi mmoja wa Arielle alikuwa amefariki, na ndugu walikuja kutoka kila upande. Kulikuwa na kijana mfanyabiashara kutoka Aru, na mwingine mchimba dhahabu kutoka Mongbwalu. Walikuwa wanafahamiana. Kwa miaka miwili mmoja alimuuzia mwenzake sabuni na betri. Siku ile ya kilio ndipo walipojua kwamba bibi zao walizaliwa na mama mmoja. Walicheka mpaka wazee wakawanyamazisha.

Arielle hakulala vizuri siku zile. Alijiuliza ni ndugu wangapi wanapishana njiani bila kujuana. Alitaka bibi asome mti wa familia kwa lugha yake, na mjukuu ausome mti uleule kwa Kifaransa. Alianza na Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Lugha nyingine zingefuata.

Kituo kimoja cha vijana kilimpa chumba chenye umeme wa jua na intaneti kwa miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja. Mwisho wa mwezi wa tatu, familia ishirini ziwe zinatumia Shina. Zikifika ishirini, atabaki na chumba. Zisipofika, chumba atapewa mtu mwingine. Nyumbani kwa Mama Élise hakuna umeme wa kutosha kuendesha ordinatere siku nzima. Bila kile chumba, Shina ingekufa.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Baada ya miezi miwili, familia kumi na nane zilikuwa zimeingia. Kumi na tatu kati ya hizo, pamoja na yake mwenyewe, zililetwa na Muzee Katsuva.

Muzee Katsuva anauza vikwembe, vitambaa vya nguo za akina mama, katika soko kuu. Familia yake ilitoka Butembo, kwa Wanande, zamani. Kanisani kwake ni mzee wa kanisa. Akisifu kitu siku ya Jumapili, siku ya Jumatatu watu wanakifanya. Aliipenda Shina tangu siku ya kwanza, na Arielle alimpenda yeye.

Jumamosi moja, Arielle aliwaita wote kituoni. Alileta masini ya kuonyesha picha ukutani. Ukumbi ulijaa. Kila mti ulipotokea, wenye familia walipiga makofi. Wengine walisimama wapate kujiona vizuri. Arielle alijisikia mwepesi kwa furaha.

Kisha akaonyesha mti wa Muzee Katsuva. Alliance, binti wa Muzee, ndiye aliyeujaza kwenye simu yake kwa Kifaransa. Arielle alibonyeza neno Kiswahili, na maneno yote yakabadilika. Juu palikuwa na Katsuva na mke wake. Chini yao palikuwa na Alliance na ndugu zake watatu. Pembeni, mbali kidogo, paliandikwa: Elysée, mpwa.

Hakuna aliyepiga makofi.

Elysée alikuwa amekaa karibu na Muzee. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, dereva wa lori kati ya Bunia na Aru. Aliinamisha kichwa na kutazama mikono yake.

Muzee Katsuva alisimama polepole.

"Arielle, mutoto yangu," alisema. "Mpwa ni nani?"

"Ni... ni neveu, Muzee."

"Mimi sikukuuliza Kifaransa. Mpwa ni mutoto ya dada. Dada anaolewa, anaenda kwa bengine, mutoto yake iko wa kule. Elysée ni mutoto ya ndugu yangu. Ni mutoto yangu. Amekula kwa sahani yangu tangu hajaota meno. Leo masini yako inamwambia mbele ya watu kama yeye ni mugeni kwangu?"

"Muzee, ni kosa ya..."

"Toa jina yetu mule."

Alimshika Elysée mkono, wakatoka. Alliance aliwafuata huku akilia. Kufikia Jumatatu, jumbe kumi na mbili zilikuwa zimeingia kwenye simu ya Arielle, na zote zilisema vilevile: toa jina yetu. Zilibaki familia tano. Zilibaki wiki tatu.

Arielle alilia mpaka macho yakavimba. Aliona aibu, na aliogopa. Kisha akafuta machozi na kuchukua ordinatere. Alikuwa amekaa barazani, kidole tayari kufuta mti wa Katsuva, wakati jirani yao Mama Prudence alipokuja kununua maziwa.

Mama Prudence anafanya kazi kwenye biro ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo. Kwa miaka kumi na nane ameandika majina ya watoto wa mji huu. Anajua nani alimzaa nani kuliko wenyewe wanavyojua.

"Unafanya nini na macho ile?" aliuliza.

Arielle alimweleza yote.

"Neno mpwa ulilitoa wapi?"

"Masini ndiyo ilitafsiri, Mama Prudence. Kwa Kifaransa Alliance aliandika neveu."

"Ndiyo. Kwa Kifaransa, mutoto ya kaka na mutoto ya dada, bote ni neveu. Neno moja. Kwa siye hapana. Masini haina shangazi, haina baba mudogo. Itajulia wapi?"

Arielle alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

"Basi ninabadilisha," alisema. "Naandika Elysée ni mutoto ya Katsuva. Ni dakika moja tu, na Muzee atarudi."

"Ngoja kwanza. Nani alimuzaa Elysée?"

"Alliance aliniambia. Ni Néhémie, mudogo ya Muzee. Alikufa Elysée akiwa ananyonya."

"Néhémie alizaa batoto wengine?"

"Hapana."

"Sasa ukimuweka Elysée kwa Katsuva tu, Néhémie atabaki na batoto wangapi?"

Arielle alitazama ule mti. Alihesabu, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu.

"Hakuna hata mumoja," alisema.

"Umemufuta," Mama Prudence alisema. "Alikufa mara moja, weye unamuua mara ya pili."

Alikaa kwenye kiti, akaweka kopo lake la maziwa chini, na kuanza kueleza. Kila mtu aulizwe maswali mawili. La kwanza: nani alikuzaa? Jibu lake ni lilelile kwa lugha zote. Linafaa kwenye karatasi, na linamfaa daktari anayetaka kujua magonjwa ya ukoo. La pili: unamwita nani baba, unamwita nani mama? Jibu hilo ni la nyumbani. Linaweza kuwa na watu wawili, hata watano, na hakuna kosa.

"Na maneno ya jibu ya pili, usiyatafsiri," aliendelea. "Kamata kaye yako ya kuandikia, enda kwa wenye lugha, uwaulize. Kila neno, watu wawili wakubali kwanza, ndipo uliandike."

"Lugha zote?"

"Weye si ulisema lugha nyingi? Ama ulikuwa unacheza?"

Kisha Mama Prudence akainama kuangalia fomu ya Shina.

"Hapa umeandika kabila. Ya nini?"

"Tovuti zingine zinauliza, mama."

"Hapa Ituri, orodha ya watu na kabila yao, yenye kila mutu anaweza kusoma kwa simu? Na vita yenye tumeona? Ondoa. Uliza tu mutu anataka kusoma kwa lugha gani, inatosha. Na wenye wako hai waonekane kwa jamaa yao tu, si kwa dunia yote."

Arielle aliondoa sehemu ya kabila palepale. Hapo alitambua jinsi alivyokuwa karibu kuwaletea watu hatari huku akifikiri anawasaidia.

Kesho yake alianza kuzunguka na daftari. Alikuwa hajawahi kufurahia kazi namna ile. Sokoni, wauzaji watatu wa muhogo waligombana nusu saa juu ya neno moja la Kilendu, kisha wakakubaliana na kumlazimisha aliandike mbele ya macho yao. Nyuma ya kanisa, mama mmoja Mnande alimweleza kwamba mtoto wa dada kwa lugha yao ni mwihwa, na kwamba hakuna Mnande atakayemwita mtoto wa kaka yake hivyo. Dereva mmoja wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, alimpa maneno ya Kialur akiwa njiani, na alikaribia kuingia mtaroni kwa sababu aligeuka kuhakikisha kama ameyaandika vizuri. Maneno ya Kihema alipewa na Mama Élise mwenyewe pamoja na jirani zake.

Watu waliotoa maneno walitaka kuyaona kwenye simu. Wakiyaona, walitaka kuweka na majina yao. Familia tano zikawa tisa. Tisa zikawa kumi na nne. Arielle hakutangaza popote. Watu wenyewe waliitana.

Lakini Muzee Katsuva alikuwa bado. Arielle alitaka kumwandikia ujumbe. Mama Élise alikataa.

"Hauombi muzee samahani kwa telefone," alisema. "Vaa vizuri, tunaenda."

Walikwenda pamoja mpaka dukani. Mama Élise alisema kwanza, kwa niaba ya binti yake. Kisha Arielle aliomba samahani, na kueleza maswali mawili. Muzee aliendelea kukunja vikwembe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema, akachukua kikwembe kingine.

Siku ya mwisho ilifika. Saa tisa mchana, familia zilikuwa kumi na tisa. Kiongozi wa kituo angekuja kuhesabu saa kumi na moja. Arielle alikaa, akasimama, akakaa tena. Alipiga simu kwa rafiki zake wote. Kila mmoja alisema kesho.

Saa kumi na nusu, mlango ulifunguliwa. Muzee Katsuva aliingia akiwa na koti lake la kanisani. Nyuma yake walikuwa Alliance na Elysée.

"Tuanze," Muzee alisema, akakaa. "Uliza ile maswali yako."

Arielle alivuta ordinatere karibu. Alifungua ukurasa mpya.

"Nani alimuzaa Elysée?"

Muzee alifuta miwani yake kwanza. Alliance alimwambia Arielle baadaye kwamba jina la marehemu lilikuwa halijatajwa nyumbani kwao kwa miaka mingi, maana Muzee hakupenda Elysée ajisikie yatima.

"Néhémie," Muzee alisema. "Mudogo yangu, Néhémie."

"Na Elysée anamuita nani baba?"

Elysée alijibu mwenyewe. Aliweka mkono kwenye bega la Muzee.

"Huyu."

Arielle aliandika, kisha akabonyeza neno Kinande. Mti ulitokea. Kutoka kwenye jina la Elysée ilipanda mistari miwili. Mmoja ulikwenda kwa Néhémie, mwingine kwa Katsuva. Hapakuwa na mpwa wala mwihwa.

Hiyo ilikuwa familia ya ishirini. Wiki iliyofuata, zile familia kumi na mbili zilirudi. Leo Shina inasomwa kwa lugha saba, na familia zaidi ya mia tatu zimo, kutoka Bunia mpaka Aru na Mongbwalu. Lakini saa ile Arielle hakuyajua hayo, na kwa kusema kweli alikuwa amesahau hata kuhesabu.

Muzee alikuwa ameinama mbele ya ordinatere, miwani ikiwa karibu kugusa kioo. Alifuata mstari mmoja kwa kidole, kisha mwingine. Alirudia mara mbili.

"Elysée," alisema, "batoto yako ni wangapi sasa?"

"Watatu, baba. Si unawajua?"

"Ninawajua. Sema majina, polepole, huyu aandike." Aliweka kidole chini ya jina la mdogo wake. "Néhémie iko na wajukuu watatu, na hakuna mutu aliyemuambia."