Mgawa Maji na Waya wa Antena

Nyumba ya Ernesta ipo bondeni, katika milima iliyo juu ya Makanya. Mtandao wa simu hufika huko kwa kubembelezwa. Mumewe Anaeli alifunga antena juu ya paa, na ndani akaweka busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao. Tangu hapo simu hushika, lakini sebuleni tu.

Ernesta naye hushinda jikoni, na jiko lipo nje, nyuma kabisa ya nyumba. Simu ikilia sebuleni, hukimbia na mwiko mkononi. Akifika, imekata. Kuku wameshazoea, siku hizi wanampisha wenyewe.

Mwezi huu mbio hizo hazikumchekesha tena. Binti yao Agatha, aliyeolewa Same, alikaribia kujifungua, na Ernesta alimwahidi kuwa naye. Aliogopa sana uchungu usije ukaanza naye asijue.

"Nipe mtandao jikoni, Baba Agatha," alisema.

"Tulia. Kugawa ni kazi yangu."

Kweli, Anaeli ndiye mgawa maji ya mfereji wa kijiji. Akapanda juu ya paa. Akakata waya wa antena palepale juu, akausokota na waya wa pili wa kwenda jikoni, akafunga kwa kipande cha mpira. Akashuka akitabasamu.

Jikoni, kimya. Sebuleni, kimya pia.

"Umegawa kwa haki," Ernesta alisema. "Kila mmoja kapata sifuri yake."

Kesho yake alipanda kilimani penye mtandao, akampigia Safia, fundi wa antena wa Same. Safia akaja kwa bodaboda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Waya wenyewe mbovu," Anaeli akawahi kujitetea.

Safia akautazama ule mpira, akajizuia kucheka.

"Baba, maji ya kijito mnayagawa kabla hayajajaa kwenye ndiva, bwawa lenu?"

"Nani afanye ujinga huo? Bwawa lijae kwanza. Ukigawa kijito, maji hayafiki shamba lolote."

"Basi juu ya paa umegawa kijito."

Ernesta akajifanya anakohoa.

Safia alizima busta, akaweka waya mzima kutoka kwenye antena. "Mtandao wa paani ni dhaifu. Uingie kwenye busta kwanza, upate nguvu. Ukitoka hapo ndipo tunaugawa kwa hii." Akatoa kidude cha chuma chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea. "Inaitwa splita. Waya mmoja unakwenda kwenye antena ndogo ya sebuleni, wa pili kwenye antena ndogo ya jikoni. Tunafunga kwa viungio vyake. Ukisokota kwa mkono, mtandao unapotea. Na antena za ndani zikae mbali na ile ya paani, zisivurugane."

"Sebuleni hautapungua?" Anaeli aliuliza.

"Utapungua, maana kila upande unapata kama nusu. Lakini busta hii inawatosha."

Siku ya tatu, Ernesta alikuwa anachambua mchicha. Simu ikalia hapohapo jikoni.

"Mama, uchungu umeanza!"

Akashuka Same na gari la kwanza. Mtoto alizaliwa yeye akiwapo. Jioni alipiga simu nyumbani, Anaeli akapokea.

"Baba Agatha, tumepata mjukuu wa kike. Mama yake mzima."

Ernesta akasikia mtu anavuta kamasi.

"Unalia?"

"Nilie nini? Nipo jikoni kwako. Moshi wote huu unauvumiliaje?"

"Kwani umeshawasha moto?"

Anaeli akavuta kamasi tena.

"Bado," akasema.